Courchevel, St. Moritz, Zermatt: jina lipi la theluji ni halali, na lipi mnalipia picha tu?

SWALI: Mimi na mume wangu tuna watoto wawili, wa miaka 9 na 13. Tumeweka akiba muda mrefu ili tuwapeleke kwenye theluji Ulaya shule zikifunga Desemba. Mume wangu anang'ang'ania Courchevel au St. Moritz, anasema ukishatoka Bongo na kugharamika hivyo, nenda panapojulikana. Mdogo wake anayeishi Munich anasema hayo ni majina ya kupigia picha, twende Austria. Kwenye grupu la familia wengine wameshaongeza Zermatt, Chamonix na Aspen, na sasa ni mabishano kila jioni. Hakuna anayejua kuteleza, na naogopa watu watatucheka. Aliyewahi kugusa theluji ni mume wangu peke yake, alipopanda Kilimanjaro akaishia Gilman's. Kati ya vituo hivi, vipi vinastahili sifa zake? Mama wawili, Mbezi Beach.

JIBU: Dada yangu, mumeo na shemeji yako wote wana hoja. Wanagombana kwa sababu mmoja anauliza kituo gani kina jina na mwingine anauliza hela inakwenda wapi. Mimi ningeanza na swali ambalo kwenye grupu lenu naona halijaulizwa: hilo jina kituo kilipewa na nani, na kwa kazi gani? Kituo kilichosifiwa na wanaoshindana kushuka mlima kwa kasi hakikusifiwa kwa ajili ya mtoto wa miaka tisa anayejifunza kusimama. Na kilichosifiwa na wenye ndege binafsi kinaweza kuwa na uwanja mzuri kabisa wa wanaoanza, ila hutausikia, kwa sababu uwanja wa wanaoanza haumpi mtu sifa mjini.

Nilipokuwa nasoma Grenoble nilifanya kazi misimu kadhaa kwenye duka la kukodisha vifaa vya skii upande wa Savoie, kwenye milima ya Alps ya Ufaransa, kuliko na Courchevel, na sasa hapa Upanga napanga safari za Watanzania wanaoitafuta baridi. Nitasema ninavyoona. Atakayeudhika, naomba aniudhikie mimi na si wewe uliyeuliza.

Courchevel kwanza, maana ndiyo iliyowasha moto. Jina lake leo ni la pesa: hoteli za kifahari, maduka ya mikoba, na kiwanja kidogo cha ndege chenye njia ya mita 537 tu, iliyojengwa kwenye mteremko, ambako rubani asiye na kibali maalumu haruhusiwi kutua. Wengi hawajui kwamba kilianzishwa mwaka 1946 kama mradi wa umma. Serikali ya eneo la Savoie ilitaka watu wa kawaida nao wapate likizo ya milimani, na msanifu Laurent Chappis alikuwa ameanza kuyafikiria mabonde yale akiwa mfungwa wa vita. Alama za mpango ule bado zipo. Kituo kimegawanyika katika vijiji kadhaa vilivyopangana mlimani: Le Praz chini, ambako kuna viwanja vya kuruka kwa skii vilivyotumika kwenye Olimpiki ya Albertville mwaka 1992, kisha Courchevel Village na Moriond, na juu kabisa ile Courchevel 1850 ya kwenye magazeti. Mumeo anaposema Courchevel, anamaanisha hiyo ya juu.

Mtu anayelala Moriond anaweza kukata tiketi ile ile ya lifti, yaani vyombo vya kuwapandisha watu mlimani, na kuingia kwenye mtandao ule ule wa Les 3 Vallées, vituo jirani vilivyounganishwa, wenye njia za kilomita 600. Miteremko ya Moriond ni ya upole, inapata jua, na vyumba ni nafuu kuliko kule juu. Kwa hiyo hapa namuunga mkono mumeo kwa nusu: sifa ya Courchevel ni halali, ila bei ya sifa hiyo imekaa kijiji kimoja, nanyi hamlazimiki kuilipa.

Nusu nyingine ni ya shemeji. Kilomita 600 mtazifanyia nini? Anayeanza hutumia siku mbili tatu kwenye uwanja wenye urefu wa kama mita mia moja au mia mbili, anapanda kwa mkanda unaosogea ardhini, anashuka, anaanguka, anapanda tena. Tiketi ya mtandao mzima ni kama euro 80 au zaidi kwa siku kwa mtu mzima. Kumkatia hiyo mtu asiyejua kufunga breki ni sawa na kukata tiketi ya SGR mpaka Dodoma halafu ukashukia Pugu. Vituo vingi vya Alps vina tiketi ndogo ya lifti za wanaoanza pekee, ila dirishani hawakutajii usipoiuliza kwa jina.

St. Moritz ya Uswisi ni kesi tofauti. Pale jina lenyewe ndiyo bidhaa, na hilo si tusi. Miaka ya 1980 mji ulikwenda kulisajili kama nembo ya biashara. Inasimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli Johannes Badrutt aliwaambia wageni wake Waingereza wa kiangazi warudi wakati wa baridi, na wasiporidhika atawarudishia nauli. Walirudi, wakakaa mpaka majira ya machipuko, na simulizi hiyo ndiyo inayotajwa kama mwanzo wa utalii wa baridi katika Alps. Olimpiki ya majira ya baridi imefanyika pale mara mbili, 1928 na 1948. Mwezi Februari ziwa likiganda sawasawa, farasi wanashindana mbio juu ya barafu, na watu waliovaa makoti ya manyoya wanasimama pembeni na glasi zao. Sifa hiyo ni ya kweli, na ni ya jamii ya watu zaidi kuliko ya miteremko. Miteremko yenyewe ni mizuri, ila imetawanyika kwenye milima inayotenganishwa na bonde, kwa hiyo familia yenye watoto inabeba viatu na mbao za kutelezea kwenda kusubiri basi. Na tena, farasi ni wa Februari, wakati ninyi mnakwenda Desemba. Mtalipia tamasha ambalo halijaanza.

Zermatt nitakaa nayo kidogo. Katika majina yote yaliyotajwa kwenye grupu lenu, ndiyo pekee ambayo ningeitetea mbele ya mtu yeyote, hata asiyetaka kabisa kuvaa mbao miguuni. Kijiji kiko mita kama 1,600 na magari ya mafuta hayaruhusiwi. Unaliacha gari Täsch, unaingia kwa treni, na ukitoka stesheni unakuta viteksi vya umeme, virefu na vyembamba, vinapita kimya hadi vinakushtua. Kisha unainua macho na Matterhorn iko pale, mita 4,478. Nawaambia wateja wangu wa Arusha kwamba Mlima Meru ni mrefu kuliko ule, nao wanafurahi sana, ila urefu hauhusiki. Ule mlima umesimama peke yake, pembe nne, ncha moja, na mwanga ukibadilika nao unabadilika. Edward Whymper na wenzake walifika kileleni kwa mara ya kwanza tarehe 14 Julai 1865, watu saba, na wanne kati yao wakafa wakati wa kushuka. Habari hiyo ndiyo iliyolitangaza jina la Zermatt kabla lifti yoyote ya skii haijafikiriwa.

Wasioteleza wanapanda treni ya Gornergrat, iliyoanza mwaka 1898, inayofika mita 3,089 kwa muda wa kama nusu saa, na kule juu wanaona milima na barafu kila upande. Kuna lifti nyingine hadi karibu na kilele cha Klein Matterhorn, mita 3,883, ambako skii inaendelea hata miezi ya kiangazi, na ukishuka upande wa pili unaingia Cervinia, Italia, ukanywe kahawa kwa bei ya Kiitaliano. Kasoro yake ni mbili. Pa kuanzia kujifunza ni pachache na pako juu mlimani, kwa hiyo kila asubuhi ni kupanda lifti kwanza. Pili, Uswisi ni Uswisi: chakula cha mchana cha watu wanne mlimani kitamfanya mumeo apige hesabu kwa shilingi, halafu anyamaze. Hata hivyo sifa ya Zermatt inastahili, na kwa kiasi kikubwa ni sifa ya macho.

Chamonix ya Ufaransa pia inastahili, ila tafadhali msiende kujifunzia pale. Hapo ndipo Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi ilipofanyika mwaka 1924, chini ya Mont Blanc, na jina lake limetengenezwa na wapanda milima: watu wa kamba, mashoka ya barafu na miteremko isiyo na uzio. Fahari yake kubwa, Vallée Blanche, ni safari ya takriban kilomita 20 juu ya mto wa barafu wenye mipasuko, na asiyeufahamu huenda na kiongozi wa milima aliyesomea kazi hiyo. Maeneo ya skii yametawanyika bondeni, na kutoka moja hadi jingine ni basi. Nimewaona dukani wateja waliochagua Chamonix kwa sababu ya jina. Siku ya tatu wanarudisha vifaa, wamechoka na wamekasirika, na mji haukuwa umewadanganya chochote.

Kama mtapita Chamonix kama watalii, pandeni Aiguille du Midi. Lifti inawatoa mjini, mita kama 1,035, na baada ya dakika kama 20 mko karibu mita 3,842. Mwambie mumeo afikirie hilo kwa njia ya Marangu: ni juu kidogo kuliko Horombo, mahali alipofika kwa siku mbili za kutembea, huku waongozaji wakimwambia pole pole. Hapo mnapanda kabla chai haijapoa, tena ninyi mliozoea usawa wa bahari. Kizunguzungu ni cha kawaida. Msikimbie kwenye ngazi, na mtoto akilalamika kichwa, shukeni naye. Kule bondeni pia kuna Mer de Glace, barafu ambayo imepungua kiasi kwamba wageni walifikia kushuka ngazi zaidi ya 500 kutoka pale barafu ilipokuwa zamani. Aliyeona picha za zamani za Kibo na akaiona Kibo ya leo ataelewa anachokitazama bila kuelezwa.

Hapo ndipo penye jambo linalobishaniwa kidogo kuliko inavyostahili: mwinuko. Kuna vituo vilivyopata jina wakati theluji ya bondeni ilikuwa ya uhakika, na sasa haiko hivyo. Kitzbühel ya Austria ndiyo mfano ninaoutumia kila mara. Mji wenyewe uko mita kama 760 tu, na sehemu za juu kabisa za skii ni kama mita 2,000. Jina lake limejengwa na mbio moja, Hahnenkamm, zinazofanyika kila Januari kwenye njia iitwayo Streif, ambako wanaume wanaruka hewani sekunde chache baada ya kuanza na kufika chini kwa mwendo wa gari la barabara kuu. Mwaka 1997 Fritz Strobl aliishuka njia hiyo yote kwa dakika 1 na sekunde 51.58. Mji ni mzuri, wa zamani, una rangi zake. Ila mgeni wa mapema Desemba anaweza kukuta utepe mweupe wa theluji ya mashine katikati ya majani ya kijani, na mbio alizoziona kwenye televisheni ziko mwezi mmoja na zaidi mbele. Kwa hiyo shemeji akisema "Austria", muulize Austria ipi. Pia kuna Ischgl, ambayo jina lake ni la disko, na Machi 2020 likageuka kuwa la korona. Watoto hawana shughuli pale.

Kinyume chake ni Val Thorens, Ufaransa, ndani ya mtandao ule ule wa Les 3 Vallées. Hakuna anayeiita nzuri. Ni majengo makubwa yaliyopandwa mahali pasipo na mti hata mmoja, na upepo ukivuma unajua kwamba umevuma. Lakini kijiji kiko mita 2,300, juu kuliko kituo kingine chochote kikubwa Ulaya, na kwa kawaida kinafunguliwa mwishoni mwa Novemba na kufungwa mwanzoni mwa Mei. Hakuna anayejitapa Mbezi kwamba ametoka Val Thorens, ilhali theluji ya Desemba inaanza kutafutwa pale. Nadhani ndicho kituo kinachopunjwa sifa kuliko vyote nilivyotaja.

Majina ya mbali nitayapita haraka. Aspen ulikuwa mji wa machimbo ya fedha kabla ya kuwa mji wa mastaa, na moja ya milima yake minne, Buttermilk, ni mzuri sana kwa wanaoanza. Ila kutoka Dar ni safari ya kuvuka nusu ya dunia, na vituo vikubwa vya Marekani vimezoea bei za kushangaza. Kule Vail, tiketi ya siku moja dirishani, msimu ukipamba moto, imeshapita dola 300. Niseko ya Japani inastahili kila neno linalosemwa kuhusu theluji yake. Upepo baridi kutoka Siberia unavuka bahari ya Japani, unabeba unyevu, ukigonga milima ya Hokkaido unaumwaga wote kama unga mkavu. Watu wanapanda ndege kuufuata unga huo. Kwa anayeanza, theluji ya kina hivyo ni adha. Mbao zinazama na mtu hajui mguu uko wapi. Wenzenu waliopendekeza majina haya wana haki ya kuyaota, ila safari ya kwanza si yake.

Sasa niseme jambo ambalo huenda likamchekesha shemeji. Kituo kinachochekwa kuliko vyote, Ski Dubai, kwa mtu wa Dar es Salaam kina thamani kubwa kuliko jina lake. Kilifunguliwa mwaka 2005 ndani ya duka kubwa la Mall of the Emirates, njia yake ndefu ina mita kama 400, na ndani joto liko chini kidogo ya sifuri. Mzungu wa Innsbruck ana haki ya kukicheka. Wewe unaishi kwenye nyuzi 32, na hujui kama mwanao wa miaka tisa atalia baridi ikimgusa vidole au atakataa kutoka. Kama ndege yenu inapitia Dubai, lalani usiku mmoja, koti, suruali na viatu mnapewa pale pale, mlipieni kila mtoto somo la kwanza. Mtajua kabla ya kutumia mamilioni. Wateja wangu wawili watatu waliishia hapo wakaamua Ulaya waende kutazama tu, na hawajutii.

Na kabla hamjatoka nje ya bara hili: Afriski, Lesotho. Iko zaidi ya mita 3,000 kwenye milima ya Maluti, ina mteremko mmoja mkuu wa kama kilomita moja, na sehemu kubwa ya theluji yake inatengenezwa kwa mashine usiku wa baridi kali. Ukiilinganisha na Alps utaionea. Ila msimu wake ni Juni hadi Agosti, na shule zetu zinafunga Juni. Unaruka hadi Johannesburg, ambako Mtanzania haombi viza kwa matembezi ya kawaida yasiyozidi siku 90, kisha ni saa nne au tano kwa gari. Barabara ya mwisho, kupitia Moteng, ina kona za kumfanya dereva wa Kitonga aheshimu. Afriski haina jina, ila kwa kujifunza kusimama kwenye mbao inafanya kazi ile ile.

Umeandika pia kwamba unaogopa watu watawacheka. Mwaka 1998 Mkenya Philip Boit alikwenda Olimpiki ya Nagano akiwa ameanza skii miaka miwili tu nyuma. Mbio za kilomita 10 alimaliza wa mwisho, dakika 20 baada ya Bjørn Dæhlie wa Norway aliyeshinda. Dæhlie alimsubiri mstarini akamkumbatia, na Boit baadaye akampa mwanawe jina hilo. Kwenye uwanja wa wanaoanza kila mtu yuko chini, amekaa kwenye makalio, anatafuta ubao wake. Hakuna mwenye muda wa kuwatazama.

Basi uamuzi wangu kwenu. Kwa kuwa shule ndizo zinazowapangia tarehe, Desemba, mwinuko wa kijiji utangulie jina. Ningewapeleka Obergurgl, Austria. Kijiji kiko mita 1,930, theluji yake ya mapema inategemewa, miteremko ya chini ni mipole, na familia za Kiingereza na Kijerumani zimekuwa zikiwapeleka watoto pale kwa miaka mingi bila kelele. Shemeji atafurahi maana ameshinda, na kufika ni rahisi: Munich hadi Innsbruck kwa treni, mbele kidogo mnashuka stesheni ya Ötztal, kisha basi la zaidi ya saa moja kupanda bonde. Nendeni mapema, mara tu shule zikifunga, mrudi kabla ya tarehe 20. Wiki ya Krismasi na ya mwaka mpya bei zinapanda kila mahali na foleni za lifti zinakatisha tamaa.

Kama mumeo hatakubali kurudi bila jina, mpe Zermatt, usiku mbili au tatu, bila kukodi vifaa kabisa: treni ya Gornergrat, matembezi, picha, supu. Ni safari ndefu ya treni kutoka Austria, siku nzima, ila watoto wanaipenda. Grindelwald au Wengen, huko huko Uswisi, pia zingefaa kwa kazi hiyo. Wengen inafikika kwa treni tu, ina uwanja wa wanaoanza katikati ya kijiji, na kutoka pale kuna reli hadi Jungfraujoch, mita 3,454, stesheni ya juu kuliko zote Ulaya tangu mwaka 1912. Kosa lake ni lile lile la mwinuko: kijiji kiko chini ya mita 1,300, na Desemba theluji pale ni ya kubahatisha.

Kuhusu vifaa, kodini huko huko, msinunue kitu Kariakoo isipokuwa nguo za ndani za baridi na soksi. Na kwenye viatu nisikilizeni kwa makini. Kiatu cha skii ni cha plastiki ngumu na kinatakiwa kubana. Ukisimama wima, kidole gumba kinagusa mbele kidogo. Ukikunja magoti, kisigino kinakaa nyuma na kidole kinapata nafasi. Wageni wa mara ya kwanza wanaomba namba kubwa, wanavaa soksi mbili, na saa nne asubuhi wako dukani wanachechemea. Soksi ni moja, ndefu, nyembamba, na ndani ya kiatu kisiingie kitu kingine, hata pindo la suruali. Halafu fundi atawauliza uzito. Msimdanganye. Kwa uzito, urefu, umri na urefu wa soli ndipo anapokaza kwa bisibisi kifungo kinachoshika kiatu kwenye ubao, kile kinachotakiwa kuachia kabla goti halijajipinda. Aliyejipunguzia kilo kumi kwa aibu, mbao zitamwacha katikati ya mteremko. Aliyejiongezea, hazitamwacha anapotaka zimwache.

Wekeni watoto kwenye darasa la kikundi tangu siku ya kwanza, na ninyi wazazi darasa lenu pembeni. Mume kumfundisha mke kuteleza nimeona kunavunja likizo. Watoto wataambiwa "pitsa" wakitaka kusimama, ncha za mbao zikutane mbele, na "chipsi" wakitaka kwenda, mbao ziwe sambamba. Angalieni rangi za njia: Ufaransa wanaanza na kijani, Austria na Uswisi wanaanza na bluu, kisha nyekundu, kisha nyeusi. Marekani bluu ni ya kati, kwa hiyo ushauri wa ndugu aliyeko Colorado, Marekani, usiutumie Tyrol, Austria.

Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Linapelekwa kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi, kwa hiyo amueni Austria au Uswisi kabla ya kujaza fomu, si baada. Bima inatakiwa iwe ya angalau euro 30,000, na hapo mwulizeni wakala wa bima swali moja bila haya: je, inalipa ajali ya skii na helikopta ya kushusha majeruhi? Bima nyingi za kawaida za viza hazigusi michezo ya theluji, na mtu anagundua akiwa ameshafungwa bendeji. Shemeji awaandikie barua ya mwaliko kwa zile siku mtakazolala kwake Munich tu. Usiku mwingine wote uwe na uthibitisho wa hoteli.